Herufi Mgongoni mwa Merikebu

Ukitaka kujua mtu ana subira kiasi gani, mpeleke kwa sonara wa Bergen siku nne kabla ya tarehe kumi na saba Mei. Hapo ndipo mji mzima unapokumbuka kwa mpigo mmoja kwamba sikukuu ya taifa imefika, bunadi, mavazi yetu ya asili, zimetolewa kabatini, na fedha zake zote, vifungo kwa mikufu, zimeingia weusi tangu mwaka jana. Mwaka mzima walikuwa wapi? Usiniulize. Mimi mwenyewe nimewahi kusimama kwenye foleni hiyo, mvua ikinimwagikia mgongoni, nimekumbatia vifungo vya mke wangu ndani ya mfuko wa mkate, na mke wangu hajaacha kunikumbusha.

Duka la Torunn lilikuwa Mtaa wa Marken, dogo, lina kengele mlangoni na kimashine cha kutolea namba. Siku hiyo watu walibanana humo na miavuli yao, sakafu imelowa, harufu ya sweta zilizonyeshewa na dawa ya kung'arishia imejaa hewani. Torunn alikuwa nyuma ya kaunta, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, aproni ya ngozi juu ya sweta ya buluu, nywele amezifunga kwa kipande cha waya wa shaba kwa sababu kibanio kilikatika asubuhi. Aliita sitini na nne, akaja bibi mmoja mwenye mkongojo. Aliita sabini na moja, akaja mama anayesukuma kigari cha mapacha. Wote wawili walipita wakimshukuru mwanamume mmoja mrefu aliyesimama karibu na mlango, koti lake la kazi lina doa la grisi mkononi, naye kila akishukuriwa alitazama viatu vyake.

Duka lilipobaki tupu, mwanamume yule alikuwa bado yupo.

"Wewe ndiye uliyekuwa sitini na nne," Torunn alisema.

"Nilikuwa. Kisha nikawa sabini na moja."

"Na sasa?"

"Themanini na tatu. Ningesubiri zaidi ningefika mia."

"Ungefika mia ungekuta nimeshafunga nimekwenda zangu. Unagawa nafasi yako ovyo, bwana. Kesho mtu atakuomba koti."

"Koti lenyewe linavuja. Nani atalitaka?"

Torunn alicheka, na huyo mtu akaonekana kushangaa kwamba amemchekesha mtu. Akatoa leso mfukoni, akaikunjua juu ya kaunta. Ndani mlikuwa na bruchi ya fedha, merikebu ya Waviking yenye urefu wa kidole cha kati: tanga limejaa upepo, ngao saba zimepangwa ubavuni, na mbele kabisa kichwa cha joka kimeinua shingo. Kazi nzuri ya mikono, ya zamani. Pini ya nyuma ilikuwa imekatika.

Jina lake Halvard, fundi wa lifti, alieleza. Bruchi ni ya mama yake, Gudny, ambaye tangu Halvard azaliwe hajawahi kutoka nyumbani tarehe kumi na saba bila kuifungia shali yake. Mwaka huu pini ilikatika na mama akasema basi, iacheni, nimezeeka. Halvard hakukubali. Ameichukua kwenye droo kimyakimya ili amshangaze. Torunn alimwambia watu wenye akili zao huleta vitu mwezi wa tatu. Halvard akajibu kwamba hilo amelisikia leo mara thelathini, kila namba ilipoitwa. Akaandikiwa aje keshokutwa.

Kesho yake asubuhi Torunn aliiweka merikebu ile mezani mwake, chini ya taa. Merikebu hazikuwa ngeni kwake; ndizo zilizomlipia kodi. Watalii walioshuka kwenye meli kubwa bandarini walinunua vidani vya merikebu kila siku, wakamuuliza maana yake nini, naye alishajifunza kuwajibu kwa kuwaangalia usoni. Aliyeonekana mwoga alimwambia ujasiri. Aliyeachwa alimwambia safari. Mjane mmoja kutoka kisiwani aliagiza ya kwake akijua mwenyewe anachotaka, maana watu wa kale walizikwa ndani ya merikebu, na mumewe alizama. Na kijana mmoja mwenye kichwa kilichonyolewa aliwahi kutaka achorewe kwenye tanga alama ya Wajerumani wa wakati wa vita, Torunn akamwonyesha mlango kabla hajamaliza kuieleza. Torunn alishafikia kuamini kwamba merikebu haina maana yake yenyewe. Inabeba mzigo wa aliyeipakia.

Kabla ya kulehemu pini mpya, alifanya kile alichofundishwa na bwana wake wa kwanza kazini. Aliigeuza bruchi, akafungua mdomo, akaipumulia mgongoni kama mtu anayetaka kufuta miwani. Pumzi huonyesha mahali palipowahi kuungwa, ili moto usije kufumua kiungo cha zamani. Ukungu ulitanda juu ya fedha, na ndani ya ukungu zikatokea herufi.

Zilikuwa zimekwanguliwa. Kwa macho matupu hukuona kitu ila mikwaruzo. Kwa pumzi zilisomeka sekunde mbili, kisha zikatoweka. Torunn akapumua tena. Kwa Uaminifu, 1942. Na juu yake nembo ya kile chama cha watu wetu wenyewe kilichowapokea Wajerumani kwa mikono miwili, kikawapa majina na anwani za majirani zao. Nembo hiyo Torunn aliifahamu. Babu yake mzaa mama alitajwa na jirani mwenye nembo hiyo kwenye kola, akarudi kutoka kambini ana kilo arobaini, na hakuwahi tena kula akiwa ameupa mlango mgongo.

 Bwana wake alikuwa na msemo: sonara ana macho, hana mdomo. Watu huleta pete zenye majina ya wasiowaoa, mikufu ya wizi wa kifamilia, saa za marehemu zilizogombaniwa. Ukianza kusema unayoyaona, funga duka. Isitoshe, yule mtu wa koti linalovuja alikuwa nani kwake? Mteja. Alilehemu pini, akaing'arisha merikebu upande wa mbele, na mgongo akauacha kama alivyoukuta.

Laiti Halvard angebaki mteja, hadithi ingeishia hapo. Lakini alipokuja kuchukua bruchi alileta maandazi mawili ya mdalasini, akasema moja ni la sonara na la pili ni la sonara pia ikiwa hataki kula naye. Torunn alikula naye. Tarehe kumi na saba wakakutana kwenye maandamano, mvua imekatika kwa huruma, bendi za shule zinapita, watoto wamejipaka aiskrimu hadi masikioni. Gudny alikuwa amesimama pembeni ya mwanawe, bibi wa miaka themanini na miwili, sketi nyeusi, kizibao chekundu, aproni nyeupe kama theluji ya asubuhi, na kifuani merikebu inang'aa. Alimpa Torunn mkono. Akamwangalia machoni muda mrefu kuliko desturi, akasema pini ni imara, asante.

Basi mapenzi yakaanza, na yakaanza kwa simu. Halvard alikuwa mtu wa maneno machache ana kwa ana, lakini akiwa peke yake juu ya lifti, gizani kati ya ghorofa na ghorofa, ulimi ulimfunguka.

"Uko wapi?"

"Ya nne na nusu."

"Hakuna ya nne na nusu."

"Ipo, mpenzi. Ndiyo ninayoishi. Watu wa ya nne wanabishana kuhusu sofa, wa ya tano wanakaanga vitunguu, na mimi katikati nakuwaza wewe."

"Kaza nati zako kwanza, halafu uniwaze."

Majira ya joto yote wakawa hivyo. Walipanda mlima Fløyen kwa miguu jioni zisizokwisha mwanga, wakala kamba kutoka kwenye karatasi, wakakaa kimya pamoja bila aibu, jambo ambalo kwetu huku ni ushahidi wa mapenzi kuliko maua. Torunn alimsimulia kwamba zamani mabaharia walitakiwa kuvua kile kichwa cha joka kabla hawajaona nchi kavu, wasije wakawatisha wenyeji wasioonekana wa ardhi. Tangu hapo Halvard kila alipoingia kwa Torunn alivua kofia mlangoni, akatangaza kwamba joka limebaki nje. Mtu mzima wa miaka arobaini na minne. Mapenzi haya.

Na kila Jumapili walikwenda kwa Gudny kula samaki. Hapo ndipo Torunn alipoisikia hadithi ya merikebu. Babu Anton, baba yake Gudny, alikuwa fundi mitambo kwenye mashua. Wakati wa vita, Halvard alisimulia, usiku wa dhoruba aliwavusha watu waliosakwa, akawapeleka ng'ambo, visiwa vya Shetland, wasikofika Wajerumani, akarudi, akavuka tena. Bruchi ilikuwa shukrani ya mtu mmoja aliyeokoka. Alipokuwa mtoto, Halvard alisimuliwa hivyo na mama yake kila alipoumwa au kuogopa. Hata leo, alisema, akiwa juu ya lifti na kamba inalia vibaya, humkumbuka Anton baharini, akatulia.

Torunn aliisikia hadithi hiyo mara tano. Kila mara alitazama sahani yake. Mara ya kwanza alijiambia bado ni mapema. Mara ya pili alijiambia si mbele ya mama. Kufikia mara ya tano alikuwa ameshachelewa, naye alilijua hilo, na ndilo lililomtesa: akisema, atamnyang'anya mwanamume anayempenda babu yake, asiposema, kila siku anayolala naye ni siku moja zaidi ya kumficha.

Mwezi wa nne wa mwaka uliofuata, Jumapili, supu ikiwa bado inatoa mvuke, Halvard alitoa bruchi kwenye leso ileile. Kwao ni mama mkwe anayempa bibi arusi mapambo ya fedha ya kuvalia bunadi. Alikuwa amevaa shati jipya jeupe lenye alama za mikunjo ya dukani, na masikio yake yamewiva. Alisema mama amekubali, alisema tarehe kumi na saba angependa Torunn aivae watu wote waone, na kwamba anajua hii si pete, lakini ikiwa ataivaa, pete itafuata. Gudny aliinuka ghafla, akaenda jikoni.

"Hii si yangu kuivaa, Halvard," Torunn alisema.

"Mama amekubali."

"Najua. Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi."

"Sababu?"

Torunn alitazama jikoni, ambako Gudny alikuwa anaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.  Halvard aliingoja sababu hadi supu ikapoa.

"Kila siku unauza merikebu kwa wapita njia," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Huyu ujasiri, yule safari. Ya babu yangu, aliyevuka kweli, ndiyo huwezi hata kuishika. Ungesema tu hunitaki. Ningeelewa haraka zaidi."

Akaichukua bruchi, akaitia mfukoni, akatoka na shati lake jipya kwenye mvua bila koti. Torunn aliaga jikoni. Gudny hakugeuka.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Torunn hakula siku nzima. Jumatatu mchana alipiga simu, na Halvard akapokea, maana hasira yake haikuwa imefika mahali pa kuacha simu iite.

"Uko wapi?" Torunn aliuliza.

"Kazini."

Si ya nne na nusu. Kazini. 

"Bruchi unayo?"

"Iko mfukoni. Kwa nini?"

"Igeuze. Ipumulie mgongoni, kama unafuta kioo. Washa tochi yako."

Alisikia pumzi yake, karibu kabisa na sikio.  Kisha akasikia pumzi nyingine, na nyingine, fupi, kama za mtu anayepanda ngazi. Wahenga haohao walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kwa Halvard msemo ulikuja na pini yake kabisa.

"Umejua tangu lini?" aliuliza.

"Tangu siku niliyoitengeneza."

"Kabla hatujala maandazi."

"Kabla."

"Mwaka mzima." Sauti yake ilikuwa imenyooka kama anasoma mita. "Nimekusimulia mara ngapi, Torunn? Nimekaa pale nakusimulia kama mtoto, dhoruba, Shetland, na wewe unatafuna samaki unajua. Ulikuwa unanionea huruma? Au ulikuwa unanicheka?"

"Nilikuwa nakupenda."

"Hapana. Mtu unayempenda humwachi asimame mbele yako uchi asijue."

Akakata simu. Torunn alibaki na simu sikioni, na kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kazi aliuchukia ule msemo wa bwana wake. Macho bila mdomo yanafaa kaunta. Mezani kwa watu, kitandani kwa mtu, ni wizi kama wizi mwingine.

Wiki mbili zikapita. Halvard alikwenda kwa mama yake kila Jumapili, akala, akaondoka, na swali likimkwama kooni mithili ya mwiba wa samaki. Atamuulizaje bibi wa miaka themanini na mitatu kama anajua baba yake alikuwa nani? Na ikiwa hajui, je, yeye Halvard atafanya nini tofauti na alichofanya Torunn? Swali hilo la pili lilimjia akiwa anapaka grisi, na halikumpendeza hata kidogo. Jumapili ya tatu alishindwa kusema, basi akaiweka bruchi mezani kifudifudi, mgongo juu, kati ya chumvi na viazi.

Gudny aliitazama. Akaweka uma chini.

"Kwa hiyo amekwambia," alisema.

Halvard hakuelewa.

"Yule sonara. Siku ile ya kwanza, kwenye maandamano, nilimtazama machoni nikajua amesoma. Mwaka mzima nimekaa namngoja afungue mdomo. Amekula samaki wangu, ameosha vyombo vyangu, hakunifedhehesha. Wewe unadhani alikuwa anakuficha wewe. Alikuwa ananisitiri mimi."

Kisha akamwambia yote, na alimwambia huku anamenya viazi. Anton hakuvusha mtu. Alikwenda kwenye mikutano, akavaa nembo, akaitwa mwaminifu, akapewa bruchi ampelekee mkewe. Alitoa majina ya watu wawili. Mmoja tu ndiye aliyerudi kutoka kambini. Baada ya vita alifungwa miaka mitatu, akatoka, akakaa dirishani mwaka mmoja na nusu, akafa. Gudny alikuwa na miaka kumi. Shuleni walimwita kwa jina la chama, hakuna aliyetaka kushikana naye mkono kwenye mstari wa tarehe kumi na saba. Mwaka uliofuata aliichukua bruchi ya mama yake, akajifungia bafuni na tupa ya kucha, akakwangua hadi vidole vikatoka damu. Na hadithi ya Shetland ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa ya baba wa msichana wa nyumba ya pili.

"Nilimwazima baba wa mwenzangu," Gudny alisema, "nikakupa wewe, kwa kuwa wangu hafai kumpa mtoto anayeogopa giza. Nilimpenda, Halvard. Alikuwa ananisuka nywele. Ningemweka wapi? Nilimweka kifuani, watu wakaona merikebu. Miaka sabini nimekwenda nayo mjini nikingoja mtu mmoja anisimamishe aseme, vua. Pini ilipokatika nilishukuru Mungu. Wewe ukaenda kuitengeneza."

Halvard alizunguka meza, akampigia magoti mama yake, na akalia kilio cha kweli, kwa ajili ya babu aliyempoteza na msichana wa bafuni aliyempata. Gudny alimpapasa kichwa kwa mikono yenye maji ya viazi. Halafu, kwa kuwa ni mwanamke wa hapa, akamwambia ainuke, chakula kinapoa.

Tarehe kumi na tano Mei, saa ya kufunga, kengele ya duka la Marken ililia. Torunn aliinua macho akamwona Gudny amevaa koti la mvua la kijani, na nyuma yake, ameinama kwenye mlango uliokuwa mfupi kwake, Halvard.  Hakujua asimame au akae, kwa hiyo alibaki nusu, mkono kwenye kaunta.

Gudny hakupoteza muda. Alivuta kigoda, akakaa, akaweka bruchi mbele yake, akaeleza anachotaka. Torunn alidhani anataka herufi za zamani zirudishwe. Gudny akasema hapana, hayo maneno hayastahili kuandikwa mara mbili. Anataka mengine, palepale kwenye mikwaruzo, juu yake. Alikuwa ameyaandika kwenye kipande cha karatasi kwa mwandiko wa shule ya zamani: Nilikwangua mwenyewe. Gudny, 1952.

"Nikifa, atakayeigeuza aikute," alisema. "Asihitaji kupumua."

Torunn alifanya kazi hiyo hapohapo, chombo cha kuchorea kikikata fedha unywele kwa unywele, karibu nusu saa. Halvard alishika taa bila kuombwa. Kazi ilipokwisha, Gudny aliisoma kwa kidole, akaifunga kwenye leso. Torunn alimuuliza kwa upole kama keshokutwa ataivaa. Bibi akajibu ataivaa, na mwaka huu akiulizwa atajibu. Kisha akasema ameona maandazi ng'ambo ya barabara, anakwenda kununua, na miguu yake ni mizito, atachelewa sana. Mzee yule hakuwa mjinga.

Walibaki wawili. Halvard bado alikuwa ameshika taa.

"Nina hasira bado," alisema. "Nataka ujue. Imepungua, lakini ipo."

"Una haki."

"Usinipe haki. Niambie kitu. Kitu kimoja ambacho, kwa desturi yako, ungekinyamazia."

Torunn aliyatazama makono yale makubwa yaliyoshika taa yake. 

"Siku ile ya kwanza nilishika tupa," alisema. "Dakika kumi zingetosha. Ningeufuta ule mgongo usibaki hata na ukungu, na wewe usingejua maisha yako yote, wala mtoto wako ukijaliwa. Na baadaye, nilipokupenda, nililala nikijuta kwamba sikufanya. Si mara moja."

Halvard alitazama vyombo vyake vya kazi mezani.

"Mbona hukufanya? Mama alikuletea ile bruchi mara ngapi hapa kuing'arisha tangu wakati huo? Ulikuwa na nafasi."

"Mara mbili. Mara zote mbili tupa ilikuwa mkononi." Akaisukuma pembeni tupa iliyokuwa mezani. "Ningekuwa naishi na mtu niliyemtengeneza mimi. Nilikutaka wewe. Hata kama ungekwenda zako, nilitaka awe wewe aliyekwenda."

Mvua ilikuwa imeanza tena juu ya Marken. Halvard aliiweka taa mezani polepole, akafuta mikono kwenye suruali ingawa haikuwa na kitu.

"Utanisumbua," alisema. "Mimi naongea kwenye lifti tu, wewe huongei kabisa. Tutakuwa wazee tunaandikiana vikaratasi. Lakini kuanzia leo, Torunn, ukiona kitu, hata kikiniuma, unanipa siku hiyohiyo. Na mimi sikati simu. Ukikubali hayo, nioe."

"Nikuoe mimi?"

"Yeyote atakayemuoa mwenzake. Sina shati jipya leo."

Torunn alicheka na machozi yakamtoka kwa pamoja, akayapangusa kwa aproni ya ngozi, kitu ambacho hakishauriwi kwa sababu ya unga wa kung'arishia. Halvard akauliza, kwa woga kidogo, kama baadaye, mama akishaondoka duniani, atakubali kuivaa ile merikebu.

"Hapana," Torunn alisema. "Ile ni ya mama yako, ina maneno yake, na ikibaki itakuwa ya damu yenu. Mimi nitavaa pete. Nitaitengeneza mwenyewe, na yako pia, maana sonara wengine wote mjini ni wavivu."

Akavuta droo, akatoa rundo la vipete vya kupimia vidole, kila kimoja na namba yake, akamshika mkono wa kulia. Kidole kilikuwa kinene kwenye kifundo, kigumu kwa kazi. Alijaribu cha kumi na tisa, kikakataa. Alijaribu cha ishirini, kikateleza chenyewe hadi mahali pake.

"Ishirini," alisema, na akaiandika namba hiyo.